Taa Iliyong'olewa: Nilivyojaribu Kusoma Misimbo ya Gari la Baba

Najua niliahidi kwamba makala ya wiki hii ingekuwa sehemu ya pili ya hifadhidata. Samahani, hifadhidata itangoja. Leo nataka kuwasimulia kuhusu gari la baba yangu, kifaa cha shilingi 1,500, na namna nilivyoaibika mbele ya watu wanne na kuku kadhaa.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, ile ambayo mafundi huitaja kwa namba yake ya muundo, AE100. Injini ni 5A-FE, lita 1.5, ya petroli. Baba ni mwalimu mstaafu, na anaishi nje kidogo ya Ol Kalou, kule Nyandarua. Kama hujawahi kuwa Ol Kalou alfajiri ya mwezi wa Julai, fungua friji uingize kichwa, utaelewa.

Gari lilikuwa na shida mbili ambazo hazikupatana. Siku nyingine liliwaka vizuri, lakini likatoa moshi mweusi na kunywa petroli kama lori. Siku nyingine, hasa asubuhi ya baridi, ungepiga stata mpaka betri ichoke na injini isishike. Ukingoja saa nne jua litoke, linawaka kana kwamba halijamkosea mtu.

Kwa miezi minane mafundi watatu walilishughulikia. Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha pampu ya petroli. Wa tatu alisema ni betri, baba akanunua betri, kisha akasema hapana, injini imezeeka, atafutiwe nyingine. Nilipojumlisha risiti zote nilipata shilingi 34,000. Kwa pensheni ya mwalimu, hizo si pesa za kuchezea.

Tena gari hili si la kujionyesha. Mama ana kliniki ya presha Nyahururu kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, na ni lazima ufike mapema upate namba ya foleni. Jumanne moja ya Julai mwaka jana gari lilikataa kabisa. Wazee wangu walitembea mpaka barabarani, wakangoja matatu kwenye ukungu, wakafika namba zimekwisha. Mama alirudi nyumbani bila dawa, miguu imevimba.

Jioni baba akanipigia simu. Kuna dalali aliyekuwa amempa bei ya shilingi 70,000.

"Nimechoka, kijana wangu. Kesho namwambia aje alichukue."

Nikamwambia, "Baba, nipe mpaka Jumamosi."

Sasa, mimi si fundi wa magari. Mimi huandika programu. Lakini nilikuwa na silaha.

Kwa wale wasiojua: gari lolote linalopiga petroli kwa umeme lina kompyuta ndogo. Kompyuta hiyo husikiliza sensa (joto la maji, joto la hewa, hewa inayoingia, mzunguko wa injini, oksijeni iliyobaki kwenye moshi), halafu inaamua petroli ipigwe kiasi gani na cheche itoke lini. Ikiona jambo halieleweki, inaandika msimbo kwenye kumbukumbu yake na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Mafundi wengi huuita msimbo huo kodi (si ile ya KRA, tulia).

Marekani iliagiza kwamba magari madogo yote mapya yanayouzwa huko, kuanzia yale ya mwaka 1996, yawe na mfumo mmoja unaoitwa OBD-II: soketi ya namna moja yenye matundu 16, na misimbo ya pamoja kama P0118. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Ndiyo maana leo kifaa kimoja kinaweza kuzungumza na magari ya kampuni tofauti.

Vingi vya vifaa hivi vya bei rahisi vinatokana na chipu iitwayo ELM327, iliyotolewa mwaka 2005 na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada. Kazi yake ni kama mkalimani. Upande mmoja anaongea lugha ya gari, upande mwingine anaongea maandishi ya kawaida na simu au kompyuta yako. Unaandika 010C, gari linakujibu kwa baiti mbili, unazigawanya kwa nne, unapata mizunguko ya injini kwa dakika. Mwandishi wa programu akiona kitu kama hicho hawezi kulala! Vinavyouzwa mitaani kwa kawaida ni nakala. Kikijitambulisha kuwa toleo la 1.5, jua ni nakala bila shaka, kwa sababu Elm wenyewe hawakuwahi kutoa toleo hilo.

Changu nilikinunua Luthuli Avenue, Nairobi, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Toleo la 1.5, bila shaka.

Usiku huo nilikijaribu kwenye gari la jirani, Axio ya mwaka 2009. Kikashika kwa Bluetooth mara moja, mshale wa mizunguko ukawa unacheza kwenye simu yangu. Nilijiona rubani. Nikampigia baba kumwambia tatizo limepata mwenyewe.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwapo baba, mama, dada yangu mdogo na jirani mmoja aliyekuja "kuona hiyo kompyuta". Nikalala chali chini ya usukani na tochi ya simu. Nikatafuta soketi kushoto, kulia, nyuma ya kisahani cha majivu, chini ya zulia.

"Umepata?" baba akauliza.

"Naangalia, Baba."

Dakika ishirini baadaye nilikuwa bado naangalia. Kuku mmoja aliingia kwa mlango wa pili, akaniangalia, akatoka. Ndipo nilipokaa chini na kusoma kile nilichopaswa kusoma kabla ya kutoa shilingi 1,500. Gari la 1994, lililotengenezewa soko la Japani, halina soketi hiyo. Kifaa changu kilikuwa na ulimi, gari halikuwa na sikio la kuuelewa. Ningemcheka sana mteja aliyenunua programu bila kuuliza kama kompyuta yake inaweza kuiendesha, na mimi nilikuwa nimefanya lilelile.

Baba hakusema neno. Aliingia nyumbani akapiga simu.

Aliyekuja ni mzee mmoja fundi wa pale Ol Kalou, aliyelitengeneza gari la kwanza la baba nilipokuwa mtoto. Siku hizi hutengeneza zaidi matrekta na pampu za maji. Baba alikuwa ameacha kumwendea kwa sababu watu walisema ni fundi wa zamani, hana mashine. Alikuja kwa baiskeli, na mfuko mmoja wa vifaa.

Baada ya salamu na kikombe cha chai (kwetu huwezi kugusa gari la mtu kabla ya chai), aliingia ndani akafungua swichi bila kuwasha injini, akatazama dashibodi. Taa ya betri iliwaka. Taa ya oili iliwaka. Akaendelea kutazama.

"Mwalimu, taa ya injini iko wapi?"

Baba akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Niliiondoa."

Kumbe miaka miwili nyuma taa hiyo ilikuwa ikiwaka na kuzima. Fundi fulani akamwambia hiyo ni dalili ya uzee tu, gari halina neno. Ilimsumbua macho usiku, na kila abiria aliuliza ni ya nini. Basi akalipa shilingi 200, balbu ikang'olewa. Kuanzia hapo amani ikarudi... kwenye dashibodi.

Nilitaka kusema kitu kikali. Kisha nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Miaka mitatu iliyopita niliandika programu ya duka moja lenye matawi. Kila usiku programu iliuliza kila tawi lina bidhaa ngapi zilizobaki, kisha ikaandaa oda. Mtandao ulikuwa unakatika, na kila ulipokatika programu ilisimama na kunitumia ujumbe wa hitilafu saa nane za usiku. Nikachoka. Nikaandika mistari minne: ikishindwa kupata jibu, ichukue sifuri iendelee. Kisha, kwa sababu jumbe zilikuwa "kelele", nikazizima pia. Kwa wiki tatu nililala vizuri. Kwa wiki tatu duka liliagiza sukari ambayo tayari ilikuwa imejaa stoo, kwa sababu sifuri ni jibu halali kabisa na hakuna aliyelitilia shaka. Mwenye duka hakunipigia kelele. Alinionyesha stoo tu.

Kwa hivyo nilifunga mdomo. Baba aling'oa balbu moja. Mimi niling'oa yangu kwa kibodi, na nina digrii.

Mzee alitoa dashibodi, akachukua balbu ya taa nyingine isiyo muhimu, akaiweka mahali pa ile ya injini. Akafungua swichi. Taa ikawaka rangi ya machungwa.

Halafu akafungua boneti, akanionyesha kiboksi cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Miaka hiyo yote kilikuwa pale! Ndani kuna matundu, na upande wa ndani wa kifuniko yameandikwa majina yake. Akatoa kipande kifupi cha waya mfukoni, akaunganisha tundu la TE1 na la E1.

"Hii ndiyo mashine yangu," akasema. "Sasa hesabu."

Akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ikapepesa mara mbili. Ikatulia kidogo. Ikapepesa tena mara mbili. Ikatulia kwa muda mrefu zaidi, ikaanza upya. Mbili, mbili. Nilirekodi kwa simu nikarudia mara tano, jibu halikubadilika: 22.

Hivyo ndivyo Toyota nyingi za miaka ile zinavyozungumza. Tarakimu ya kwanza hupepeswa, kuna kituo cha sekunde moja na nusu hivi, kisha tarakimu ya pili. Kama kuna misimbo kadhaa, hutajwa kuanzia mdogo kwenda mkubwa. Kama hakuna, taa hupepesa mfululizo bila kituo. Hakuna Bluetooth, hakuna programu ya simu, ni balbu moja tu na macho yako. Nilipoielewa nilifurahi kuliko nilivyofurahia Axio.

Msimbo 22 ni wa sensa ya joto la maji. Kwenye magari ya OBD-II ndugu zake ni P0115 hadi P0118. Mimi hapohapo nikatoa simu. "Sensa naagiza leo, Jumatatu iko hapa."

Mzee akanishika mkono. "Kijana, polepole. Gari halijasema sensa imekufa. Limesema haliisikii."

Wasomaji, sentensi hiyo nimeibandika ukutani kazini.

Akachomoa soketi ya waya kwenye sensa, akatoa multimita kuukuu. Sensa hii ni kipande ambacho ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Kwa Toyota hizi inapaswa kuwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Yetu ilisoma 2,700 ikiwa baridi. Sensa ilikuwa nzima kabisa! Kama ningeagiza mpya, ningekuwa fundi wa nne kwenye risiti za baba.

Kisha akapima waya yenyewe, kutoka kwenye soketi mpaka kwenye kompyuta ya injini nyuma ya dashibodi. Ilikuwa sawa. Akaitikisa karibu na soketi: namba zikaruka, zikapotea, zikarudi. Alipoikwangua tukaona vichuma vya ndani vimejaa kutu ya kijani, na nyuzi za shaba zimekatika chini ya plastiki, zimebaki chache zinazogusana zikipenda.

Hapo ndipo zile shida mbili zisizopatana zikapatana.

Nyuzi zilipogusana vibaya, kutu iliongeza ukinzani. Kompyuta haijui habari za kutu. Inachojua ni kwamba ukinzani mkubwa maana yake ni maji baridi. Basi ikapiga petroli nyingi kama ya injini ya alfajiri, hata mchana: moshi mweusi, plagi nyeusi, tanki tupu. Na kwa kuwa namba bado ilikuwa ndani ya mipaka inayokubalika, haikuandika msimbo wowote.

Nyuzi zilipoachana kabisa, kompyuta iligundua, ikaandika 22, na ikafanya kile ilichofundishwa: ikaweka thamani ya dharura, ikachukulia kwamba maji yako kwenye nyuzi 80. Ni busara, kwa sababu ukiwa barabarani gari halizimiki. Lakini alfajiri ya Ol Kalou, injini iliyoganda inapewa petroli kama ile iliyotoka safari. Haiwezi kushika.

Na kwa nini hakuna aliyeshuku joto? Kwa sababu mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa sawa siku zote! Mshale una sensa yake nyingine, yenye waya mmoja, isiyohusiana na ile ya kompyuta. Mafundi watatu waliutazama wakaona mambo shwari.

Je, mnaiona sukari yangu hapo? Wahandisi wa Toyota waliweka thamani ya dharura kama mimi. Tofauti ni kwamba wao waliiambatanisha na taa. Gari lilijisaidia liendelee, na wakati huohuo likapiga kelele kwamba linakisia. Kukisia si dhambi. Dhambi ni kukisia kimya kimya. Na ukiingoa taa, umeligeuza gari lililoandikwa vizuri likawa programu yangu ya duka.

Mzee alikata sehemu mbovu, akaweka soketi kutoka kwenye gari bovu lililoko kwake, akaunganisha waya kwa risasi na kuifunga vizuri. Alichomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja swichi ikiwa imezimwa (sekunde kumi na zaidi zinatosha) ili msimbo ufutike, akairudisha, akawasha, tukazunguka hadi sokoni na kurudi. Akaunganisha TE1 na E1 tena. Taa ikapepesa mfululizo. Hakuna msimbo.

Alidai shilingi 800. Baba alimpa 1,500, na nilijua hasa namba hiyo ilitoka wapi.

Nililala huko mpaka Jumatatu kwa sababu sikuamini. Asubuhi zote mbili, saa kumi na mbili kasoro, gari lilishika mara ya kwanza. Jumanne mama alipata namba 7 kwenye foleni. Alinitumia ujumbe, yeye ambaye huwa hapendi kuandika ujumbe: "Tumefika mapema. Baba yako anaimba." Dalali bado hupiga simu. Baba humwambia gari halijasikia habari za kuuzwa.

Kabla sijawaacha, haya machache kwa mwenye gari la zamani:

1. Angalia mwaka na soko la gari kabla ya kununua kifaa. Chungulia chini ya usukani kama kuna soketi ya matundu 16. Hata ikiwapo, baadhi ya magari ya Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yana soketi hiyo lakini hayazungumzi OBD-II. Omba ujaribu kwanza ndipo ulipe.

2. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake. Injini ikiwaka, izime. Isipowaka kabisa, kuna balbu iliyokufa au mtu aliyeiua. Ukiwa unanunua gari la mkono wa pili, hilo ndilo jambo la kwanza kutazama. Halihitaji kifaa chochote.

3. Njia ya waya ni ya TE1 na E1 tu. Kiboksi hicho kina matundu mengine yenye umeme wa betri; ukikosea unaweza kuunguza kitu cha bei. Soma majina kwenye kifuniko mara mbili, na kama hayasomeki, usibahatishe.

4. Usifute msimbo kabla ya kuuandika. Ukichomoa betri au fyuzi umefuta ushahidi.

5. Msimbo ni malalamiko, si hukumu. Unakuambia ni upande gani kompyuta haisikii vizuri. Pima sensa, pima waya, angalia soketi, ndipo utoe pesa ya spea.

Kifaa changu hakikupotea bure. Kiko kwenye begi, na majirani wa Axio na Vitz wananijua sasa. Lakini begi hilohilo lina pia kipande kifupi cha waya, alichonipa mzee wakati wa kuagana. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kununua mashine. Alicheka, akasema aliwahi kuwa nayo, ikaharibika, na hakuna aliyejua kusoma msimbo wake.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Sehemu ya kwanza itakuwa kuhusu hitilafu, na kwa nini sitazizima tena.